Kuzalisha Msimbo au Kuuandika kwa Mkono: Mwongozo Kamili kwa Programu ya SACCO

Amri moja ya Rails, kiunzi cha kutengenezea programu za wavuti kwa lugha ya Ruby, huzalisha zaidi ya faili 15 kabla chai haijapoa: jedwali, modeli (msimbo unaosimamia jedwali), kontrola (msimbo unaopokea maombi ya kivinjari), kurasa za HTML, hata majaribio. Kuziandika hizo kwa mkono ni kazi ya nusu siku. Hadi hapo kizalishi kimeshinda. Hesabu hubadilika unapoanza kurekebisha kilichozalishwa, na hubadilika zaidi siku unaposahau kurekebisha.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja, programu ya SACCO ya Kenya inayotumia Rails 8: wanachama, michango inayolipwa kwa M-Pesa, na mikopo. Anayetumia viunzi vingine kama Laravel au Django atakutana na mambo yaleyale kwa majina mengine. Shauri letu ni kupima sehemu kwa sehemu. Swali la "mradi huu tuzalishe au tuandike?" halina jibu. Swali la "jedwali hili je?" lina jibu.

Kwanza, jua una kizalishi cha aina gani

Kuna kizalishi cha mara moja. `rails generate scaffold` (ile amri ya faili 15) na `php artisan make:model Mkopo -mcr` ya Laravel ni wa kundi hili. Kikishatoa faili, kinajitoa. Faili ni zako, na ukikiendesha tena juu yake kitakuuliza kama kifute ulichoandika.

Kuna cha kila mara. OpenAPI Generator, iliyochipuka kutoka Swagger Codegen mwaka 2018, husoma maelezo ya API (njia ambayo programu moja huitumia kuzungumza na nyingine) na kutoa msimbo wa kuiita. Maelezo yakibadilika unazalisha upya, kwa hiyo faili zake haziguswi kwa mkono kabisa.

Na kuna akili mnemba. Hii ni ya pembeni, maana ombi lilelile laweza kukupa msimbo tofauti kesho. Tutairudia chini.

Makosa mengi hutokana na kuchanganya kundi la kwanza na la pili: mtu anahariri faili ambayo kesho itazalishwa upya, au anasubiri scaffold "ijisasishe" baada ya kuongeza safuwima. Scaffold haijisasishi. Ukiongeza safuwima ya `namba_ya_simu`, fomu haitaijua mpaka uiandike mwenyewe.

Hatua ya 1: Fundisha Rails wingi wa Kiswahili kabla ya kuzalisha chochote

Rails hutunga jina la jedwali kwa kuweka jina la modeli katika wingi, na wingi inaoujua ni wa Kiingereza. Mkopo unakuwa `mkopos`. Hilo linachekesha tu. Jaribu sasa kuzalisha modeli iitwayo `Kata`, neno lililomo katika karibu kila fomu ya anwani. Rails ina kanuni ya maneno ya Kilatini inayosema kila neno linaloishia na -ta au -ia ni wingi wa neno linaloishia na -um. Itakuonya kwamba Kata ni wingi, kisha itakuundia modeli iitwayo `Katum`. `Familia` itakuwa `Familium`.

Dawa inakaa katika `config/initializers/inflections.rb`:

```ruby
ActiveSupport::Inflector.inflections(:en) do |inflect|
  inflect.irregular "mkopo", "mikopo"
  inflect.irregular "mchango", "michango"
  inflect.irregular "ombi", "maombi"
  inflect.uncountable %w[kata familia]

  inflect.plural(/\bm?wanachama$/, "wanachama")
  inflect.plural(/\b(Mw|W)anachama$/, "Wanachama")
  inflect.singular(/\bwanachama$/, "mwanachama")
  inflect.singular(/\bWanachama$/, "Mwanachama")
end
```

Mbona mwanachama ana mistari minne peke yake? Kwa sababu `irregular` hutafuta mwisho wa neno, na "mwanachama" huishia na "wanachama". Ukimwandika kwa `irregular`, Rails itamwona mtu mmoja kuwa tayari ni wengi, kisha umoja wake itautunga kuwa `Mmwanachama`. Mwalimu na mwanafunzi wana ugonjwa huohuo. Mteja na wateja hawana, kwani "mteja" haina "wateja" ndani yake.

Ukibadilisha faili hii baada ya kuzalisha umechelewa: majina yameshaingia katika kontrola, njia, kurasa na jedwali. Baadhi ya timu hukwepa kero yote kwa kuziita modeli Member na Loan, huku Kiswahili kikibaki katika `config/locales/sw.yml` kwa ajili ya macho ya mtumiaji. Ni uamuzi mzuri pia. Kibaya ni kuchanganya, Loan hapa na Mchango pale. Wenye Laravel wataandika `protected $table = 'wanachama'` ndani ya modeli, na wenye Django wataweka `verbose_name_plural`, la sivyo ukurasa wa usimamizi utaandika "Mikopo" kuwa "Mkopos".

Hatua ya 2: Tazama kabla ya kuzalisha, kisha hifadhi bila kugusa

Anza na ukaguzi mkavu:

```
bin/rails generate scaffold Mkopo mwanachama:references kiasi_senti:bigint hali:string --pretend
```

`--pretend` huorodhesha faili bila kuziunda. Majina yakiwa sawa, ondoa neno hilo na uendeshe tena. Kisha, kabla ya kubadilisha hata nukta, hifadhi kila kitu katika Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, kwa ujumbe kama "Mkopo: imezalishwa, haijaguswa". Hatua hii huonekana ya kipuuzi, ila ndiyo mizani yako. Mwisho wa kazi `git diff --stat` dhidi ya hifadhi hiyo itakuonyesha ni mistari mingapi ya kizalishi imebaki hai. Sisi hutumia kipimo cha nusu: jedwali ambalo zaidi ya nusu ya mistari yake iliyozalishwa imefutwa au kuandikwa upya, linalofanana nalo tunaliandika kwa mkono.

Zingatia aina za safuwima. Pesa tunaziweka kwa senti, katika namba kamili. Ukiandika `integer`, Rails itatenga baiti 4, na kikomo chake ni 2,147,483,647. Kwa senti hizo ni shilingi 21,474,836.47, kiasi ambacho mfuko wa SACCO ya kawaida unaweza kukivuka. Siku hiyo mfumo utakataa kuhifadhi kwa kosa la namba kuvuka mipaka. `bigint` huondoa tatizo, tena kwa herufi moja pungufu. Ukichagua `decimal` bila vipimo kwenye MySQL, unapata DECIMAL(10,0): senti zinakatwa kimya kimya.

Ukigundua kosa baada ya kuzalisha na umeshaendesha `db:migrate` (amri inayounda jedwali katika hifadhidata), anza na `bin/rails db:rollback`, kisha `bin/rails destroy scaffold Mkopo`. Ukigeuza mpangilio, faili la mabadiliko linafutwa huku jedwali likibaki katika hifadhidata bila mwenyewe.

Hatua ya 3: Funga milango ambayo kizalishi kimeiacha wazi

Scaffold ni nyumba isiyo na milango. Kila tendo, hata kufuta, liko wazi kwa yeyote mwenye kiungo. Endesha `bin/rails test` na majaribio saba ya kontrola yatapita, likiwemo la kufuta mkopo bila kuingia kwenye akaunti. Kijani hicho kinathibitisha kasoro.

Rails 8, ya Novemba 2024, ina `bin/rails generate authentication`. Hii tunaipendekeza bila kusita: kuandika mwenyewe uhifadhi wa nywila na vipindi vya kuingia ni kujitafutia balaa. Hutoa modeli za User na Session, ukurasa wa kuingia na wa kubadilisha nywila, na kuanzia hapo kila kontrola hudai mtu aingie kwanza. Haitoi ukurasa wa kujisajili, jambo ambalo SACCO hulifurahia, kwani wanachama husajiliwa ofisini. Ukiendesha majaribio tena, yale saba yataanguka. Ndivyo inavyotakiwa. Yarekebishe yaingie kwanza.

Kuingia ni mlango wa nje. Vyumba vya ndani bado viko wazi. Fungua kontrola ya mikopo, nenda chini kabisa:

```ruby
def mkopo_params
  params.expect(mkopo: [ :mwanachama_id, :kiasi_senti, :hali ])
end
```

Hapa ndipo penye hatari kuliko pote. Kizalishi kimeruhusu safuwima zote ulizotaja, kwa sababu hakijui maana yake. Mwanachama anayeomba mkopo anaweza kuongeza `mkopo[hali]=umeidhinishwa` katika ombi lake, na amejiidhinishia. Anaweza pia kubadilisha `mwanachama_id` ili deni liandikwe kwa jirani. Kuondoa sehemu ya `hali` kwenye fomu hakusaidii lolote, maana anayejua `curl`, amri ya kutuma maombi bila kivinjari, hahitaji fomu yako. Udhaifu wa ukoo huu ndio mtafiti wa usalama Egor Homakov aliutumia Machi 2012 kujiongezea ufunguo wake katika akaunti ya Rails kwenye GitHub. Siku hizo Rails ilipokea kila kilicholetwa. Leo orodha ipo, ila kizalishi hukujazia orodha nzima, na kazi ya kuipunguza ni yako.

Bakiza `:kiasi_senti` tu. Mkopo uunde kupitia mwenyewe, yaani aliyeingia (`Current.user`), ukishamuunganisha na rekodi yake ya uanachama: `Current.user.mwanachama.mikopo.new(mkopo_params)`. Kuidhinisha kuwe tendo lake, lenye njia yake, linalokagua kama aliyeingia ni afisa mikopo.

Sasa tazama `set_mkopo`. Inatafuta mkopo wowote kwa namba iliyomo kwenye kiungo, kwa hiyo aliye kwenye `/mikopo/17` akiandika 18 anasoma deni la mwenzake. Kwa kurasa za wanachama, badilisha itafute ndani ya `Current.user.mwanachama.mikopo`. Asiye na mkopo huo atapata ukurasa wa 404.

Mlango wa tatu hausemwi sana. Katika folda ya kurasa kuna faili zinazoishia na `.json.jbuilder`, zinazotoa data ileile kwa muundo wa JSON, unaosomwa na programu nyingine. Ukiondoa namba ya kitambulisho cha taifa kwenye HTML ukadhani umemaliza, fungua `/wanachama.json`: orodha nzima inatoka, kitambulisho kikiwemo. Kama huna programu ya simu inayotumia JSON hiyo, futa faili hizo zote pamoja na mistari ya `format.json` katika kontrola.

Kisha punguza matendo. Mchango ulioingia haufutwi wala hauhaririwi, hurekebishwa kwa ingizo la pili la kinyume, kama kwenye daftari la mhasibu. Hivyo katika `config/routes.rb`:

```ruby
resources :michango, only: %i[index show]
```

Zima na kile kilichozalishwa siku ya kwanza kabisa na `rails new`. Katika `ApplicationController` kuna mstari wa `allow_browser versions: :modern`, unaokataa Chrome iliyo chini ya toleo la 120. Chrome 120 haiwekwi kwenye Android 7 kushuka chini. Mwanachama mwenye simu ya zamani ataambiwa kivinjari chake hakikubaliki, na ofisini hakuna atakayeliona tatizo kwa sababu kompyuta zote ni mpya. Ufute mstari huo, au uorodheshe matoleo unayoyataka mwenyewe.

Hatua ya 4: Mambo madogo yanayochelewa kuuma

`index` iliyozalishwa huita `Mchango.all`. Kwa wanachama 40 ni sawa, ila baada ya miaka miwili ya michango ya kila mwezi ukurasa unavuta safu karibu elfu moja kwa mara moja. Weka kurasa za awamu tangu mwanzo, safu 50 kwa ukurasa.

Safuwima za kawaida hazina `null: false`. Ni `references` na saa za kuundwa tu zinazopewa. Fungua faili la `db/migrate` uongeze kabla ya kuendesha `db:migrate`.

Sehemu ya `mwanachama` kwenye fomu huzalishwa kama kisanduku cha kuandika namba. Hakuna karani anayekumbuka kwamba Mama Achieng ni 482. Weka `collection_select`, orodha ya kuchagua jina.

Na ukiongeza sharti la upekee ndani ya hifadhidata, tuseme kwenye namba ya risiti, majaribio yote yataanguka kwa pamoja. Sababu ni kwamba data ya mfano iliyozalishwa ina safu mbili zenye "MyString" ileile. Nenda `test/fixtures` uzitofautishe.

Hatua ya 5: Andika kwa mkono kila panapopita pesa

Hakuna kizalishi kinachojua kanuni za SACCO yako. Chukua mkopo wa KSh 100,000, riba ya 12% kwa mwaka, miezi 12. Kwa riba ya salio linalopungua, kila mwezi ni KSh 8,884.88 na riba yote ni takriban 6,619. Kwa riba bapa, inayohesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, kila mwezi ni 9,333.33 na riba ni 12,000. Zote mbili zinaitwa "12%". Anza kwa kuandika jaribio lenye namba hizi, likubaliwe na mhasibu, ndipo uandike hesabu. Usisahau masalio: 9,333.33 mara 12 ni 111,999.96, kwa hiyo senti 4 zimepotea. Awamu ya mwisho iwe 9,333.37, la sivyo mkopo utabaki "haujaisha" milele kwa senti nne.

Sehemu ya pili ya mkono ni kupokea majibu ya M-Pesa. Unapomtumia mwanachama ombi la kulipa kupitia Daraja, API ya M-Pesa kutoka Safaricom, unapewa `CheckoutRequestID`, utambulisho wa ombi hilo. Ihifadhi hapohapo katika jedwali la maombi. Jibu huja baadaye kwa POST (ombi la kutuma data) kwenye kiungo chako:

```ruby
class DarajaController < ApplicationController
  skip_forgery_protection
  allow_unauthenticated_access

  def pokea
    jibu = params[:Body][:stkCallback]
    ombi = Ombi.find_by!(checkout_id: jibu[:CheckoutRequestID])
    ombi.kamilisha!(jibu)
    head :ok
  rescue ActiveRecord::RecordNotUnique
    head :ok
  end
end
```

Mistari miwili ya juu ndiyo husahaulika. Bila wa kwanza, Rails hukataa POST isiyo na tokeni yake na kujibu 422. Bila wa pili, jibu la malipo linapelekwa kwenye ukurasa wa kuingia. Na kosa la kwanza hulioni kwenye majaribio, kwa sababu `config/environments/test.rb` iliyozalishwa huzima ulinzi huo. Majaribio kijani, seva halisi inakataa malipo.

`kamilisha!` ikague `ResultCode` kwanza. 0 ni malipo yamefanikiwa, 1032 ni mtu ameghairi kwenye simu. Yasipofanikiwa, sehemu ya `CallbackMetadata` haipo kabisa, hivyo msimbo unaokimbilia kusoma namba ya risiti utaanguka. Risiti iwekewe upekee ndani ya hifadhidata yenyewe:

```ruby
add_index :michango, :namba_ya_risiti, unique: true
```

`validates uniqueness` ndani ya modeli haitoshi. Majibu mawili yakifika sekunde moja, yote yatauliza "ipo?", yote yatajibiwa "haipo", na mwanachama ataandikiwa mchango mara mbili. Indeksi ya upekee hukataa la pili, nasi tunajibu 200 kwa amani. Kiungo hiki kiko wazi kwa dunia nzima, kwa hiyo usimwamini kila anayebisha: kabla ya kuandika mchango, linganisha kiasi na ombi lako, na uulize hali ya muamala kwa Daraja yenyewe.

Vizalishi vya kila mara

Hapa kanuni ni fupi. Weka kilichozalishwa katika folda yake. Usikihariri, kinachohitaji kubadilika kiandike katika faili la pembeni linalokiita. Faili usizotaka OpenAPI Generator iziguse zitaje katika `.openapi-generator-ignore`. Funga toleo la kizalishi, maana toleo jipya laweza kubadilisha mamia ya mistari bila wewe kubadilisha kitu. Kisha kwenye seva ya majaribio zalisha upya kila mara na uendeshe `git diff --exit-code`. Ikianguka, kuna mtu kahariri kwa mkono au kasahau kuzalisha.

Kwa hifadhidata ya zamani yenye majedwali mengi, `inspectdb` ya Django huokoa siku nzima. Husoma majedwali na kuandika modeli, na huweka `managed = False` ili Django isiyaguse. Liache hivyo hadi ujue nani mwingine anatumia hifadhidata hiyo.

Akili mnemba

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliiagiza GitHub Copilot itoe programu 1,689 katika hali 89 zenye hatari ya kiusalama. Takriban 40% zilitoka na udhaifu. Zana zimebadilika tangu hapo, lakini namna ya kuzitumia salama ni ileile: ipe jaribio lililokwisha kukubaliwa, kama lile la riba, kisha iandike msimbo wa kulipita. Usiiache iandike jaribio na msimbo kwa pamoja. Ukiiagiza "hesabu awamu za mkopo wa 12%", itachagua mojawapo ya kanuni mbili bila kukuuliza, na msimbo utasomeka vizuri kabisa. Kila maktaba inayoipendekeza itafute kwenye rubygems.org, ghala la maktaba za Ruby, kabla ya kusakinisha, kwani nyingine hazipo.

Mgawanyo tunaoutumia

Katika programu hii kata, matawi na wanachama tunazalisha, kisha tunafunga milango ya hatua ya 3. Kuingia kunazalishwa. Mikopo tuliizalisha yote hapo juu ili kuonyesha milango iliyo wazi; katika kazi halisi tunazalisha jedwali na modeli tu, kwa `generate model`, na kontrola tunaandika, kwa sababu matendo yake halisi ni kuomba, kuidhinisha, kukataa na kulipa, na hakuna hata moja kati ya yale saba ya scaffold linalolingana nayo barabara. Michango, riba na Daraja ni mkono mtupu.

Ukimaliza kupunguza, endesha `bin/rails routes --unused`. Itataja njia zinazoelekea kwenye matendo uliyoyafuta. Zifute nazo, pamoja na kurasa za `edit` na `new` ambazo hakuna anayezifikia, na faili tupu za `app/helpers`. Hapo ndipo uchukue `git diff --stat` dhidi ya ile hifadhi ya "haijaguswa" na uandike namba yake katika maelezo ya mradi, jedwali kwa jedwali, ili anayeongeza jedwali la wadhamini mwezi ujao asianze kubahatisha.